Ushuhuda wa Mashati ya Watu

Mmenisumbua vya kutosha. Kila Jumapili mtu ananidaka mlangoni, ananishika mkono kama anayetaka kuvuka naye barabara: "Mama, tuandikie maisha ya marehemu mchungaji, kanisa linatimiza miaka arobaini." Kwani wasomi wameisha? Mmejaza vijana wa vyuo humo ndani, wenye miwani na kalamu mbili mfukoni, halafu mnamwendea mwanamke aliyeishia darasa la tatu, ambaye akiandika mstari unapanda mlima. Haya, nimekubali. Lakini nitaandika ninavyojua mimi, na asiyeweza kusoma mpaka mwisho asianze. Mke wa mchungaji nitamwita mkewe, basi. Nikianza na "mimi, mimi" mtadhani najisifu, na humu sioni la kusifia. Kumjua mnamjua.

Kabla hajaitwa mchungaji, mtu huyu alikuwa dobi. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa kazi. Kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi la kijivu na shuka nyeupe juu yake, bakuli la maji ya kunyunyizia, na pasi mbili za mkaa. Moja ilikuwa mkononi, nyingine mlangoni ikipepewa. Nguo alikuwa hazichanganyi. Kila mteja alikuwa na rangi yake ya uzi, mishono michache ndani ya kola, pale ambapo mwenyewe haoni. Mwalimu mkuu alikuwa nyekundu mbili. Muuza dawa alikuwa kijani moja. Fundi saa, yule wa kibanda cha kona, alikuwa bluu tatu. Kufua kulikuwa kwa mkewe, uani, na kupiga pasi kulikuwa kwake.

Wiki ya kwanza ya ndoa mkewe alimsikia akinong'ona peke yake chumba cha mbele, akadhani ameolewa na mwehu. Akachungulia.

"Unaongea na mashati?"

"Naongea na Mungu habari za wenye mashati," akajibu, pasi haisimami. "Huyu nyekundu mbili ana watoto wa watu mia nne. Anahitaji uvumilivu."

Ndivyo alivyokuwa. Akifika kwenye kola, anamwombea mwenye kola. Akifika mkononi, anaombea kazi ya mkono huo. Shati likiisha, na sala imeisha, anasema amina na kulikunja. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo, na hakuna mteja aliyewahi kujua kwamba amevaa sala mgongoni akienda sokoni.

Wito nao aliupata akiwa kazini. Siku moja anamsaidia mkewe kukamua shuka, huyu ameshika ncha ya huku, yule ya kule, akasimama ghafla.

"Nimeambiwa kitu."

"Na nani?"

"Nimeambiwa: waambie."

"Waambie nini?"

Akafikiri. "Hakusema."

Mkewe alicheka mpaka shuka likaanguka mavumbini, ikabidi walisuuze upya. Lakini yeye hakucheka, na tangu siku hiyo hakuwa na raha mpaka aende akasimame mbele ya watu.

Sasa kanisani kwenu, nyinyi vijana hamjui, wakati huo lilikuwa bado banda la mabati, na kulikuwa na utaratibu. Hakuna mtu aliyepanda mimbarini kuhubiri bila kwanza kusimama chini na kutoa ushuhuda wa jinsi alivyookoka. Ushuhuda ndio uliokuwa cheti. Na ushuhuda wa watu wale ulikuwa moto! Mmoja alitoka jela. Mwingine alikuwa na hirizi saba na alizichoma zikalia kama paka. Katibu wa kanisa, ambaye watu walimwita Spika kwa sauti yake, alisema alizama kisimani mara mbili, na mara ya pili alimwona malaika mwenye kamba. Watu walikuwa wanakuja mapema wapate benchi la mbele.

Dobi alisimama zamu yake ilipofika, kanzu yake ya kuazima imenyooka kuliko zote. Akasema, "Nilizaliwa kwa mama anayemcha Mungu. Nilimpenda Yesu nikiwa na miaka saba. Mpaka leo nampenda. Naye ameniambia, waambie." Watu wakasubiri. Mtu akakohoa. Mtoto akauliza kwa sauti, "Amemaliza?"

Spika akasimama, akasema kwa huruma, kama unavyomjibu mtu uliyemnyima, "Amina, ndugu. Bwana akuongezee."

Njiani kurudi nyumbani mkewe akasema, "Baba wee, pale hata mbuzi wangesinzia." Alisema kwa utani. Yeye ulimi wake ulikuwa mwepesi siku zote, na hata sasa haujazeeka. Lakini mwanamume yule alitembea mpaka nyumbani bila neno. Utani ule mkewe amekuwa akiutafuna kwa miaka mingi, na haujalainika bado.

Baada ya miezi mitatu alikuja askofu, akitafuta mtu wa kulea kanisa lile lile la mabati, maana halikuwa na mchungaji. Wenye nia wakaambiwa wasimame na shuhuda zao. Dobi akasimama mara ya pili. Mkewe, kwenye benchi la akina mama, akajisemea, jamani, anarudi kuaibika tena.

Hakuaibika. Alianza kwa sauti ya chini. Alisema alikuwa mlevi miaka tisa, huko alikotoka. Alisema aliwahi kuamka na shati lenye matope mgongoni, matope yenye umbo la mtaro aliolala. Alisema kifungo cha tatu kilikuwa kimeng'olewa na kitambaa chake, na hakujua ni mkono wa nani uliong'oa. Mfuko ulikuwa umekatwa kwa wembe. Kwenye mkono kulikuwa na tundu la sigara, na yeye havuti. Akasema, "Kuna harufu inayofuliwa mara tatu na haitoki. Mnaijua?" Mwanamume mmoja nyuma akalia kwa sauti, "Naijua!"

Banda zima lilikuwa limezizima. Mkewe naye alizizima, ila kwa jambo jingine. Shati lile analijua. Amelisugua Jumatano kwa mikono yake miwili. Lina nyuzi bluu tatu kwenye kola.

Mume wake hakuwahi kuonja pombe maishani. Akiwa na kikohozi alikuwa anakataa dawa ya maji kwa sababu inanuka kama kileo! Ulevi alioujua ni ule unaofika kwa dobi ndani ya mfuko, asubuhi, mwenyewe akiwa hataki hata kukutazama machoni. Akauchukua, akauvaa.

Wakati ule ndipo ingekuwa rahisi. Mkewe angesimama aseme, jamani, huyu anatania. Au angemsubiri nje ampeleke kwa askofu. Lakini mama aliyekaa pembeni alimgeukia, akamkumbatia kwa machozi: "Dada yangu, kumbe umepita huko! Umevumilia, dada!" Na mkewe akasikia mdomo wake mwenyewe ukijibu, "Mungu ni mwema."

Nyumbani walikaa chumba cha mbele, meza ya pasi katikati yao.

"Lile shati ni la fundi saa," mkewe akasema.

"Najua ni la nani."

"Umedanganya."

"Nimeazima."

"Nguo ya kuazima haisitiri matako, mume wangu. Wewe dobi, nani wa kukufundisha hilo?"

Akafuta majivu yaliyodondoka mezani, polepole. "Wametoka watu watatu mbele kutubu, umewaona? Nilipowaambia ukweli hakutoka hata mmoja. Nikishasimama imara nitawaeleza yote. Siwezi kukaa na kitu cha mtu."

Mkewe alimwamini. Alikuwa hajawahi kumwona akikaa na nguo ya mtu kupita siku yake.

Basi akawa mchungaji. Na msidhani namchafua, alihubiri vizuri, na watu aliwapenda. Mgonjwa akilazwa, yeye ndiye wa kwanza kitandani. Msiba ukitokea, yeye ndiye wa mwisho kuondoka. Wito ulikuwa wa kweli, na mimi niliyeandika haya siruhusu mtu aseme vingine. Kilichokuwa cha uongo ni mlango aliopitia. Na mlango huo ukawa haufungiki, maana kila kanisa lililomwalika lilitaka ushuhuda. "Mchungaji, tueleze ule wa mtaro." Akieleza, watu wanalia. Na ushuhuda ukiachwa unaumuka kama donge lenye hamira. Mwaka wa pili akaongeza kwamba alikuwa anampiga mkewe.

"Lini ulinipiga?" mkewe akamuuliza jioni hiyo, mikono kiunoni. "Hebu nipige sasa tuone."

"Ni mfano tu."

"Mfano una meno mangapi? Leo wameniuliza kama hili jino lililotoka ni wewe! Nimeng'oa kwa fundi meno mwenyewe!"

Walicheka wote wawili. Walicheka, Mungu awasamehe.

Na mkewe hakubaki nyuma. Alipewa kikundi cha akina mama cha kila Jumatano, awafundishe kumvumilia mume mlevi. Angeweza kukataa. Hakukataa. Alizoea. Alikuwa na kitambaa cheupe cha kufutia machozi, na alijua ni kwenye neno gani akitoe. Mwanamke aliyekuwa akisugua uani, magoti ndani ya povu, sasa wake za walimu wanampisha kiti na kumwita mama. Utamu wa kuheshimiwa hauna tofauti na utamu mwingine. Ukishazoea, huulizi umetoka wapi.

Kwenye kikundi kile alikuja mke wa fundi saa. Alikuwa mwanamke mwembamba, anakaa karibu na mlango, hasemi. Jumatano ya sita au ya saba wenzake walipotoka yeye akabaki.

"Mama mchungaji, samahani. Yeye mchungaji aliachaje? Mimi wa kwangu anataka. Usiku anaapa, asubuhi hawezi."

Mkewe angesema sijui. Neno fupi hivyo. Akasema, "Mlete nyumbani. Mchungaji ameipita njia hiyo, anajua mawe yake."

Fundi saa alikuja siku ya pili, mchana, amevaa shati lililopigwa pasi kwenye meza ile ile aliyokaa mbele yake. Kufua na kupiga pasi walikuwa wamemwachia mpwa wao, lakini mteja alikuwa ni yule yule. Alikuwa mtu mzuri, mwenye adabu, mwenye mzaha. Akanyoosha mikono juu ya meza, ikatetemeka kama majani.

"Angalia, mchungaji. Nikinywa glasi moja ya asubuhi, kidole hiki kinashika bisibisi ndogo kuliko sindano. Nisiponywa, hakishiki hata mlango. Saa za mji mzima zinakwenda kwa pombe yangu." Akacheka, kisha akaacha. "Siku ile ulipoeleza shati lenye matope mgongoni, nilisema, huyu mtu tumelala mtaro mmoja. Nikasema kama yeye ametoka, na mimi natoka. Ndiyo maana nimekuja. Nisingekuja kwa mtu ambaye hajaonja."

Mkewe alikuwa amesimama na sinia la chai. Mchungaji alimtazama. Alimtazama kwa muda, kama mtu aliye ndani ya maji. Mkewe akatazama vikombe.

"Uliacha vipi?" fundi saa akauliza. "Taratibu, au mara moja?"

"Mara moja," mchungaji akasema.

"Mara moja kabisa?"

"Nilijifungia chumbani siku tatu. Maji na Biblia."

"Na mikono?"

"Niliomba."

"Maana mimi niliwahi kujaribu. Siku ya pili nikaona wadudu wanatembea ukutani, wengi, na moyo unakwenda mbio. Nikatoka kwenda kunywa, wakaondoka. Wewe walikuja?"

Mtu aliyewahi kulewa kweli angejua la kujibu, na kama hajui angeogopa. Mchungaji hakuwa na kitu cha kuogopea. Alitafuta mahali pekee alipozoea kutafuta.

"Walikuja," akasema. "Siku ya tatu ni siku ya ushindi, ndugu yangu. Bwana alifufuka siku ya tatu. Wadudu wakija, usifungue mlango." Kisha akamgeukia mke wa fundi saa, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. "Na wewe, mama, hata akipiga kelele, usifungue. Anayepiga kelele si yeye."

Wakaombewa. Wakaondoka wameshikana mikono, watu wazima wale, kama wachumba. Mkewe aliwaangalia dirishani akasema, "Mungu atende." Mchungaji alikuwa bado amekaa. Akasema, "Nimesema sawa?" Akajibiwa, "Umesema vizuri." Angalieni jibu hilo. Aliulizwa sawa, akajibu vizuri.

Siku ya tatu, adhuhuri, akaja jirani wa fundi saa anakimbia. Walikuta fundi saa ameshapelekwa zahanati kwa mkokoteni. Alikuwa amekakamaa, ametetemeka mwili mzima mara mbili, mara tatu, na mara ya mwisho hakurudi. Daktari alikuwa kijana, shati lake limelowa jasho. Hakumpigia mtu kelele, na ingekuwa afadhali.

"Nani alimfungia?"

"Mimi," akasema mke wa fundi saa. "Aliniita. Niliambiwa nisifungue."

Hakuwatazama waliomwambia. Hakunyoosha kidole. Wao walikuwa hatua tatu kutoka kwake.

"Mama, mtu aliyekunywa miaka ishirini hakatwi ghafla kama uzi," daktari akasema. "Analetwa hapa, anapewa dawa, anashushwa kidogo kidogo. Kuacha kwa mara moja kunaua. Walevi wenyewe wanalijua hilo, nendeni mkawaulize."

Walevi wenyewe wanalijua. Mkewe aliona maneno yale yakiingia kwa mume wake. Alishika ukingo wa kitanda cha chuma akaangalia sakafu.

Mazishini alihubiri maneno machache, sauti imekauka. Watu walipoanza kutawanyika, mjane akaja mbele yao. Uso wake ulikuwa mkavu. Alikuwa na swali moja tu, na aliliuliza kwa heshima, kama mwanafunzi ambaye hesabu yake imekataa.

"Mchungaji, na wewe siku ya tatu ulipopiga kelele, nani alikuwa mlangoni kwako?"

Mchungaji akamgeukia mkewe.

Na mkewe akasema, "Nilikuwa mimi."

"Na wewe hukufungua."

"Sikufungua."

Mjane akatikisa kichwa taratibu. "Basi mimi nilikosea wapi?"

Akaondoka, ndugu zake wamemshika mabega. Hilo ndilo neno ninalotaka mlishike. Achaneni na banda la mabati, achaneni na askofu. Mwanamke yule aliondoka makaburini akiamini kwamba mlango ulikuwa mmoja, sala ilikuwa moja, Mungu alikuwa mmoja, na kwamba mume wa mwenzake alipona na wa kwake akafa kwa sababu ya kitu alichopungukiwa yeye.

Jumapili iliyofuata mchungaji alipanda mimbarini bila Biblia. Hakuwa amelala siku nyingi, na kola yake ilikuwa imekunjamana, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Mkewe alijua anachokwenda kufanya. Walikuwa wamekubaliana alfajiri. Akasema:

"Ndugu zangu, mimi sijawahi kulewa."

Watu wakasogea mbele kwenye mabenchi.

"Sijawahi kuonja pombe. Hata siku moja. Yale niliyowaeleza hayakunitokea."

Mkewe akashusha pumzi, akasema moyoni, limetoka. Ndipo Spika akaruka kutoka kwenye kiti chake kama amechomwa sindano.

"Haleluya! Mmesikia? Bwana amefuta! Amefuta mpaka kumbukumbu! Mtu mpya huyu, hajui hata ladha!"

Banda likalipuka. Vigelegele, makofi, ngoma. Mchungaji akainua mikono miwili kuwanyamazisha, na wao wakainua ya kwao wakadhani anawaongoza kusifu. Akapiga kelele, "Hapana! Nisikilizeni! Nilidanganya!" Na kina mama wa mbele wakaitikia, "Shetani ni mwongo!" Ukaanza wimbo. Hamkuwepo nyinyi, hamwezi kujua. Watu mia mbili wanakupenda kwa nguvu kiasi kwamba hawakusikii. Alisimama pale, midomo inakwenda, mpaka mikono ikamshuka. Kisha akakaa.

Mkewe naye alikuwa na mdomo. Mdomo wake ndio uliokuwa ukiogopwa na mtaa mzima. Angesimama juu ya benchi akasema: lile shati ni la marehemu, nimelifua mimi, na mimi ni mwongo kuliko yeye. Wangemsikia, maana yeye hakuwa mtu wa kushangiliwa. Alikunja kitambaa chake mara nne, akakikunjua, akakikunja.

"Nimewaambia," mchungaji alisema nyumbani.

"Hujawaambia. Wamekupigia makofi."

"Nifanye nini zaidi?"

"Nenda kwa mjane. Mmoja tu. Yeye hatakupigia makofi."

Akavaa viatu, akaenda. Akarudi mapema mno.

"Alikuwepo?"

"Kulikuwa na moshi jikoni."

"Ulibisha hodi?"

Akavua viatu, kimoja, kingine, akavipanga ukutani sambamba. "Sikubisha."

Alikwenda tena mwezi uliofuata, na tena baada ya mwaka. Mara zote anafika kwenye uchochoro ule, anasimama, anarudi. Mkewe alimkejeli kwa hilo. Alimwita mchungaji wa uchochoroni. Lakini yeye mwenyewe alikuwa na miguu, na nyumba ile haikuwa mbali.

Hakuacha uchungaji. Alitaka kuacha, wazee wa kanisa wakamwambia huo ni unyenyekevu, wakamwongezea miaka. Ushuhuda wake hakuutoa tena mpaka anakufa, ila hakuhitaji kuutoa. Spika aliutoa kwa niaba yake kila mgeni alipokuja, tena kwa vionjo, na yeye ameinamisha kichwa. Watu wakasema, mwone asivyotaka sifa. Mahubiri yake yalizidi kuwa mafupi. Asubuhi akarudi kwenye pasi, akamsaidia mpwa, na mkewe alisimama mara nyingi nyuma ya pazia kusikiliza kama ananong'ona. Alikuwa anapiga pasi kimya. Hilo ndilo lililomuuma mkewe kuliko yote, maana sala ile ya mashati ndiyo ilikuwa yake ya kweli, ya tangu utoto, na haikuhitaji matope ya mtu. Angesimama siku ile ya askofu akasema tu, "Nawaombea wenye mashati," labda watu wangesinzia. Na wangesinzia wapi? Wangesinzia ndani ya mikono ya mtu mkweli, na fundi saa angekwenda kutafuta msaada kwa mwingine.

Kifua kilimmaliza miaka tisa baadaye. Alizikwa na umati, wazee wenu wanajua, walikuwepo. Siku ya arobaini na moja mkewe alivaa kitenge chake kizuri akaenda kwa mjane. Alibisha, na hilo mumewe hakuliweza, basi mkewe akajiona shujaa.

"Nani?"

"Mimi, mama mchungaji."

Ikaja sauti kutoka ndani, tulivu kabisa: "Nimelala."

Ilikuwa saa sita mchana, jua limesimama. Mkewe angeweza kukaa kizingitini. Angeweza kusema yote kupitia ubao wa mlango, maneno ishirini yangetosha: hakuna siku ya tatu, hakukuwa na mlango, hukukosea. Lakini mke wa mchungaji hakuzoea kuambiwa nimelala. Alinyoosha kitenge, akasema, "Haya, lala," akaondoka. Hajarudi tena. Kiburi hakina dawa. Amezeeka nacho, sasa magoti yamekufa, na uchochoro ule una ngazi kumi na moja.

Basi mlionitaka niandike, nimeandika. Sijali mkiyaweka kwenye kitabu au mkiyatupa. Ila kazi moja mtanifanyia, na sitaki visingizio. Mjane yuko hai. Nyumba ni ile ya mlango wa kijani, nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli, juu ya ngazi. Kusoma hajui. Mmoja wenu, si Spika, mtu mwenye sauti ya kawaida, achukue karatasi hizi aende mchana. Akiambiwa "nimelala," akae chini pale pale nje na asome kwa sauti, tangu mwanzo, hasa pale makaburini nilipojibu "nilikuwa mimi." Asimwombee. Asiimbe. Akimaliza kusoma angoje, hata kama ni mpaka jioni. Halafu aje aniambie amesema nini, neno kwa neno. Kama ni matusi, yaleteni yakiwa mabichi, msiyapunguze chumvi. Nimekaa hapa mlangoni nawasubiri.